Sumaku Imenasa Bunduki: Mwongozo Kamili kwa Wavuaji wa Chuma wa Mwanza

Vijana wanaovua chuma kwa sumaku kwenye kingo za Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi Luchelele, wamezoea kupandisha misumari ya mitumbwi, nanga zilizokatika kamba, fremu za baiskeli na vipande vya nondo. Siku sumaku inapopandisha bunduki, wengi wao hukosea pale pale: huibandua, huisuuza matope, hujaribu kuvuta bolti yake, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, kisha huifunga kwenye kiroba na kuondoka nayo kwa bodaboda wakitafuta mtu wa kumwonyesha.

Yote manne ni makosa. Matatu ya kwanza yanaweza kumuua mtu, na la nne linaweza kumweka mahabusu hata kama safari yake ilikuwa ya kwenda kituo cha polisi. Nimeulizwa juu ya jambo hili mara nyingi mno, na karibu kila aliyeniuliza alikuwa tayari ameihamisha silaha. Kwa hiyo jambo moja linatawala mwongozo huu tangu mwanzo: silaha uliyoiopoa majini haisafiri, polisi ndio wanaoifuata ilipo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutupa sumaku

- Sumaku ya neodimi yenye pete ya kufungia kamba. Nguvu ya kilo 100 hadi 200 inatosha. Namba hiyo hupimwa kwenye bamba nene, safi na bapa. Kwenye mtutu wa mviringo uliojaa kutu nguvu hupungua sana. Sumaku za spika kuukuu hazifai, kwa kuwa huachia mzigo katikati ya njia. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiikaribie kabisa.
- Kamba ya nailoni ya milimita 8 au 10, yenye urefu wa mita 20 hadi 30. Mwisho wake ufungwe kwenye mti au jiwe, usifungwe kamwe kwenye kifundo cha mkono.
- Glovu nene na buti za mpira. Chuma chenye kutu kinachochana ngozi huleta hatari ya pepopunda, na maji ya kingoni yenye konokono huambukiza kichocho.
- Kamba nyembamba ya rangi inayoonekana, angalau mita 50, pamoja na vijiti vinne. Hii ni ya kuzungushia eneo. Wengi huiona kuwa mzigo wa bure mpaka siku watoto kumi wanapokuja mbio.
- Simu yenye chaji, daftari, kalamu na filimbi.
- Mtu wa pili mwenye umri wa kuaminika. Mmoja akilinda, mwingine apige simu.

Nyumbani viache brashi ya waya, koleo, nyundo na mafuta ya kulainisha kutu. Nasema hivi kwa sababu nimeona jinsi mkono unavyotafuta kazi mara kitu cha ajabu kinapotoka majini. Brashi ikiwa karibu, utaitumia.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na ujulikane upo

Katika maeneo ya bandari, magati ya vivuko na miundo ya madaraja usitupe sumaku bila ruhusa ya wanaoyasimamia. Kisiwa cha Saanane na maji yanayokizunguka ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo kiache. Kwenye mwalo wa wavuvi zungumza kwanza na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na kwenye Mto Mirongo au mitaro mikubwa inayomwaga maji ziwani mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa.

Sababu yake ni zaidi ya adabu. Mtu aliyekuona asubuhi ukiwa na kamba na ndoo tupu ndiye atakayekuwa shahidi wako saa sita mchana, utakapoulizwa silaha hii imetoka wapi. Asiye na shahidi hubaki na maneno yake peke yake.

Kabla ya kuanza, andika kwenye daftari tarehe, saa, na maelezo ya mahali ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata bila kukuuliza: ukingo upi, karibu na jengo, daraja au mwamba gani, na hatua ngapi kutoka hapo.

## Hatua ya 2: Vuta polepole, na usimame kabla kitu hakijatoka majini

Tupa sumaku, iache ifike chini, kisha vuta kwa mwendo mmoja usiokatika. Usishtue kamba. Mshtuko huangusha mzigo, na ikiwa ulichonasa ni kitu chenye baruti, mshtuko ndio usioutaka.

Mzigo ukikaribia, acha kuvuta ukiwa bado chini ya maji au kwenye maji mafupi ya ukingoni, na uuangalie. Maji ya Mirongo ni machafu na kando ya ziwa mara nyingi kuna magugu maji, hivyo subiri tope litulie, hata kama itachukua dakika tatu. Kitu usichokitambua usikinyanyue. Ukiona nanga, endelea. Ukiwa na shaka, nenda hatua ya 3 kabla mzigo haujaondoka majini.

## Hatua ya 3: Itambue silaha hata ikiwa imefunikwa na kutu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa wanatarajia kuona bunduki kama ile iliyopo begani mwa mlinzi wa benki. Silaha iliyolala majini miaka mingi haifanani nayo. Kitako cha mbao kinaweza kuwa kimeoza chote, na kilichobaki ni bomba na donge la kutu.

Gobore ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu hufanana na kipande cha bomba la maji. Tazama ncha zake: bomba la maji lina matundu pande zote mbili, ilhali mtutu wa gobore umezibwa upande mmoja, na karibu na sehemu iliyozibwa kuna tundu dogo la pembeni au kichuchu cha kuwekea fataki, yaani kidonge kinachowasha baruti.

Bastola huonekana kama donge la ukubwa wa kiganja lililokunjwa mithili ya kona ya ukuta. Ukiona tundu la mviringo mbele na kikingio cha kifyatulio kama pete chini, umekwishapata jibu.

Bunduki ya kivita, hasa ile ambayo askari huiita SMG, hutambulikana kwa magazini yake iliyopinda, yaani kasha la risasi. Zile za zamani zaidi zina mtutu mrefu na bolti yenye mkono unaotokeza upande wa kulia. Si ajabu kuzikuta kanda hii: mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalifika Mwanza mwaka 1916, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa upande wa magharibi wa ziwa hili hili.

Guruneti lina umbo la parachichi dogo lenye shingo na wenzo wa chuma ulioshuka ubavuni. Kombora la mota ni kama chupa yenye mapezi mkiani. Kwa vitu hivi viwili kanuni ni kali zaidi, nami nitavitenga katika hatua inayofuata.

Risasi nazo zina tabia zake. Maganda ya shaba hayanaswi na sumaku, lakini huweza kupanda yakiwa ndani ya magazini au yamegandiana na tope. Maganda ya chuma, yaliyo ya kawaida kwenye risasi nyingi za SMG, hunaswa moja kwa moja. Kwa hiyo kutokuona risasi kwenye sumaku hakuthibitishi kwamba hakuna risasi kwenye bunduki.

### Kwa nini kutu haiondoi hatari

Hoja ninayoisikia kila mara ni hii: “Imekaa majini miaka, imekwishakufa.” Hoja hiyo inaangalia chuma cha nje na kusahau kilicho ndani. Risasi ni chombo kilichofungwa. Ganda la shaba halishiki kutu kama chuma, na risasi za kijeshi hutiwa lakiri kwenye fataki na kwenye mdomo wa ganda ili unyevu usipenye, hivyo baruti yake inaweza kubaki kavu kwa miongo mingi. Wakati huo huo fataki iliyozeeka inaweza kuharibika kwa namna isiyotabirika, na springi iliyokuwa imeshikiliwa na kutu huachia ghafla kutu inapokwanguliwa.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, na tope zito la chini lina hewa kidogo. Vyote viwili hupunguza kasi ya kutu. Silaha iliyotupwa hapa inaweza kuwa nzima kuliko inavyoonekana.

Gobore lililoshindiliwa nalo lisidharauliwe. Baruti nyeusi iliyolowa inaweza kuwaka tena ikikauka, na ndiyo maana kulianika juani au kulisogeza kwenye moto wa kukaangia samaki ni kosa kubwa.

Basi usijipe kazi ya kupima kama ni nzima au mbovu. Swali lako ni moja tu: je, inaweza kuwa silaha? Jibu likiwa “labda”, endelea kana kwamba ni “ndiyo”.

## Hatua ya 4: Ilaze chini mara moja, halafu mkono utoke

Ikiwa ni bunduki au bastola na bado iko kwenye maji mafupi, iache hapo hapo. Legeza kamba na uiachie chini kama alama.

Ikiwa tayari imetoka majini na inaning'inia, ishushe taratibu kwenye mchanga au majani, mbali na miamba ya kugongana nayo. Kwa kuiongoza kwa kamba tu, jitahidi mdomo wa mtutu uelekee ziwani ambako hakuna mtumbwi wala mtu. Usishike mtutu wala kitako ili kuigeuza. Ikishindikana kugeuka, iache ilivyo na uwahamishe watu walio mbele yake.

Sumaku ibaki imeng'ang'ania. Najua ni mali yako na pengine uliilipia kwa kazi ya wiki nzima, lakini kuibandua kunahitaji nguvu ya ghafla, na nguvu hiyo ndiyo inayotikisa kifyatulio au kubana vidole kati ya vyuma viwili. Sumaku utaidai baadaye.

Ikiwa ni guruneti, kombora au kitu chochote kinachofanana na bomu, usikitoe majini. Achia kamba taratibu, usikirudishe kilindini kwa kukitupa, na ondoka. Kama kimekwisha kutoka, kilaze mara moja tu kwa upole, kisha usikiguse tena hata kama kimelala vibaya.

Umefaulu hatua hii endapo silaha imetulia, kamba imelegea, na hakuna mkono wa mtu uliogusa chuma chake.

## Hatua ya 5: Weka umbali

Kwa bunduki, zungushia kamba ya rangi umbali wa hatua 20 kila upande panaporuhusu, na mtu yeyote asisimame mbele ya mtutu wala nyuma yake. Pale ukingo ulipo mwembamba, funga njia pande mbili. Kwa bomu, ondoka mita 100 au zaidi, na usimame nyuma ya kitu kigumu. Katika jiji letu la miamba kinga kama hiyo haikosekani. Jifiche nyuma ya mwamba mzima, si nyuma ya mabati ya kibanda.

Mwaloni watu hukusanyika haraka kuliko unavyodhani, na kupiga kelele “bunduki!” huwaleta badala ya kuwafukuza. Piga filimbi, kisha omba watu wazima wawili wakusaidie kuwarudisha watoto. Maneno yanayofaa ni ya heshima na ya wazi: “Mama, tafadhali waondoe watoto upande huu, kuna kitu cha hatari, polisi wanakuja.” Mzee wa mwalo akisema neno hilo yeye, litasikika zaidi kuliko lako, kwa hiyo mwombe mapema.

Piga picha moja au mbili kutoka mbali kwa ajili ya polisi, lakini usizitume kwenye makundi ya simu. Silaha iliyotupwa majini mwaka huu ina mtu anayeijua, na huenda mtu huyo yumo kwenye kundi hilo hilo.

## Hatua ya 6: Piga 112

Sogea mbali kwanza ndipo upige, hasa ikiwa unadhani ni bomu. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ikiwa unayo namba ya mkaguzi wa kata yako au ya mkuu wa kituo kilicho karibu, mpigie pia.

Wengi huanza na historia ndefu na kusahau kutaja walipo. Sema hivi:

“Habari za saa hizi, afande. Naitwa fulani. Nipo ukingo wa kushoto wa Mto Mirongo, hatua kama hamsini kutoka darajani kuelekea ziwani. Nilikuwa navua chuma kwa sumaku, imenasa kitu kinachofanana na bunduki kuukuu. Kipo chini kwenye mchanga, sumaku bado imekishika, hatujakigusa kwa mkono. Tupo wawili, na watu tumewasogeza mbali. Tunawasubiri hapa.”

Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Simu isipopatikana, mtume mwenzako kituoni au kwa mwenyekiti wa mtaa, akiwa mikono mitupu.

Hapo kwenye mikono mitupu nitakaa kidogo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki silaha au risasi bila leseni, na kutu haikupi leseni. Mashtaka ya namna hii mara nyingi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, ambako dhamana haipatikani kwa wepesi. Askari anayekusimamisha barabarani na kukuta bunduki ndani ya kiroba haoni ziwa, haoni sumaku wala mashahidi. Anakuona wewe na bunduki. Ikiwa imebaki ukingoni, kila kitu kinachoonekana hapo kinaeleza ukweli wako.

Kuirudisha majini nako si suluhisho. Kokoro au wavu wa mtu mwingine utaipandisha kesho, huenda mikononi mwa mtoto.

## Hatua ya 7: Wapokee polisi na ukamilishe maandishi

Wakifika, simama mahali wanapokuona, mikono ikiwa wazi, na msemaji awe mmoja. Waonyeshe kwa kidole kutoka nje ya kamba. Usiwatangulie mpaka ilipo.

Eleza yote, pamoja na yale unayoona haya kuyasema. Kama uliigusa kabla ya kuitambua, sema uliigusa wapi, kwa glovu au kwa mkono mtupu. Waambie pia imetoka majini dakika ngapi zilizopita, kwa kuwa chuma kilichozama muda mrefu huanza kushika kutu upya kwa kasi kikikutana na hewa, na wataalamu wa uchunguzi mara nyingi hupendelea kitu kama hicho kihifadhiwe ndani ya maji yale yale kilimotoka. Uamuzi ni wao, lakini taarifa ni yako. Kwa sababu hiyo pia usiisuuze: namba ya silaha inaweza kusomwa na wataalamu hata pale jicho halioni kitu, mradi brashi ya mtu haijapita juu yake.

Ikiwa ni bomu, utaambiwa usubiri mbali zaidi mpaka wataalamu wa mabomu wafike, na wakati mwingine wanaoitwa ni wa Jeshi la Wananchi. Inaweza kuchukua saa nyingi. Subiri.

Utakapoandikisha maelezo, yasome yote kabla ya kutia sahihi, na omba lirekebishwe neno lisilo lako. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uiandike kwenye daftari. Kama sumaku na kamba vinachukuliwa kuwa sehemu ya kielelezo, omba viandikwe kwa jina lako ili uweze kuvidai. Ukiondoka kituoni ukiwa na RB, jina la mpelelezi na orodha ya vitu vyako, kazi yako imekamilika.

## Ikiwa umekwisha kukosea

Sehemu hii nimeiandika kwa ajili ya wale ambao tayari wana kitu chumbani, chini ya kitanda au kwenye stoo ya vyuma chakavu, na sasa wanaogopa.

Usikihamishe tena. Toa watu wote nyumbani, watoto kwanza, na funga mlango. Mwite mwenyekiti wa mtaa au mtu mzima unayemwamini awe nawe, kisha piga 112 na ueleze ulikipata wapi, lini, na nani alikuona. Kuchelewa kutaulizwa, na jibu la kweli ni bora kuliko hadithi nzuri. Ukiweza kumpata wakili, mpate. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini usikae na silaha ukisubiri kipindi kingine.

Wafanyabiashara wa vyuma chakavu nao wasikilize. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, guruneti ambalo mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu lililipuka shuleni, likaua wanafunzi na kujeruhi wengine wengi. Mtoto yule hakuwa mkaidi. Alijua tu kwamba chuma kina bei. Anayenunua kwa kilo asinunue bomba lililozibwa ncha moja, wala donge lenye pini na wenzo, wala kitu chenye mapezi. Asikikate, asikitupe kwenye lundo, na asimfukuze aliyekileta arudi nacho njiani. Kilazwe hapo hapo, watu watoke, polisi waitwe.

## Kurudi mahali pale

Usitupe tena sumaku kwenye eneo hilo mpaka mpelelezi akuambie kwamba wamemaliza. Silaha ikitupwa, mara nyingi magazini au risasi hutupwa pamoja nayo, na polisi wanaweza kutaka kupatafuta wenyewe.

Ukirudishiwa sumaku, kagua pete na nati yake, kwa kuwa hulegea inapobanduliwa kwa nguvu. Ikaze, ifute unga wa chuma kwa kitambaa kikavu, na uiweke mbali na moto, maana sumaku ya aina hii huanza kupoteza nguvu ikipata joto la nyuzi 80. Kamba iliyosuguliwa na kutu, badilisha.